Sabuni katika majitaka: Ziwa moja, vipimo vitatu

Nchi tatu zinazogawana Ziwa Victoria ziliwahi kuandika, kila moja kwa wakati wake, kiasi cha sabuni kinachoruhusiwa kubaki katika majitaka yanayomwagwa mtoni au ziwani. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 1999, iliandika miligramu 10 kwa lita. Kenya, katika kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, iliandika sifuri. Tanzania, katika kanuni za mwaka 2007, ilitaja kemikali moja ya sabuni, alkili benzini salfoneti, na kuiwekea kikomo cha miligramu 0.5 kwa lita.

Mama anayefua nguo Kisumu, Mwanza au Kampala hutumia sabuni ya unga ileile au inayofanana nayo, na sehemu kubwa ya maji yake ya povu huishia katika ziwa lilelile. Lakini kwa mujibu wa namba hizo, kiwanda kinachomwaga miligramu tano kwa lita kingehesabiwa kuwa kimetii sheria upande mmoja wa ziwa na kimeivunja upande wa pili. Sangara hana pasipoti, na maji hayasimami mpakani kugongewa muhuri.

Uganda iliandika upya kanuni zake mwaka 2020. Hata hivyo, namba hizo za mwanzo zinafundisha jambo ambalo kubadili namba peke yake hakuliondoi. Kikomo kilichoandikwa katika sheria hakina nguvu kama hakijaambatana na majibu ya maswali manne: kinapimwa kitu gani, kwa njia gani, mahali gani na mara ngapi. Wanaobeba gharama ya kukosekana kwa majibu hayo ni mkulima anayemwagilia kwa maji ya mto, mvuvi, na mteja anayelipa ankara ya maji.

Povu si ushahidi wa kutosha

Kiungo kinachofanya kazi kubwa ndani ya sabuni ya unga au ya maji ni kemikali ziitwazo safaktanti. Kila chembe yake ina pande mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hung'ang'ania uchafu wenye mafuta kwenye nguo, kichwa huuvuta kwenda majini, na uchafu hutoka.

Tabia hiyo inayofaa kwenye beseni huleta madhara mtoni. Safaktanti zikiwa nyingi hushambulia matamvua ya samaki, na povu likitanda juu ya maji hupunguza hewa inayoingia. Samaki hubaki na oksijeni pungufu wakati ambapo uchafu mwingine wa mjini nao unaihitaji oksijeni hiyohiyo ili uoze.

Wananchi wengi huamua kwa macho. Wakiona povu jeupe chini ya daraja, husema mto umejaa sabuni. Wakiona maji yametulia, hudhani mambo ni shwari. Macho hukosea pande zote mbili. Povu linaweza kutokana na majani yanayooza, damu na mabaki ya machinjio, au bakteria wanaostawi kwenye mitambo ya majitaka. Kwa upande mwingine, maji yasiyo na povu yanaweza kuwa na kemikali zilizotokana na sabuni ambazo hazitoi povu kabisa. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa kwa macho, linahitaji maabara.

Ulaya ilivyojifunza

Tatizo la sabuni mtoni halikuanzia Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sabuni za kemikali zilianza kuchukua nafasi ya sabuni za kawaida zilizotengenezwa kwa mafuta na magadi. Nchini Marekani, Tide iliingia sokoni mwaka 1946. Kiungo kilichotumika zaidi katika sabuni za miaka iliyofuata kilitokana na mafuta ya petroli na kilikuwa cha bei nafuu, lakini mkia wake ulikuwa na matawi mengi.

Matawi hayo ndiyo yaliyoleta kasheshe. Bakteria wa kwenye mitambo ya majitaka hula mkia wa safaktanti kama mtu anavyotafuna muwa, akianzia ncha moja na kuendelea. Mkia ulionyooka huisha haraka. Mkia wenye matawi huwashinda, na kemikali hupita kwenye mtambo na kutokea upande wa pili ikiwa nzima. Katika miaka ya 1950, milima ya povu ilionekana juu ya mito na mitambo ya majitaka ya Uingereza na Ujerumani.

Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza suala hilo mwaka 1953, nayo ikatoa ripoti mwaka 1956. Mwaka 1958 lilianza jaribio katika mji wa Luton: sabuni zilizouzwa eneo hilo ziliwekewa kiungo kinacholiwa na bakteria kwa urahisi zaidi, kisha wataalamu wakapima maji yaliyoingia na yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka wa mji. Kiasi kilichobaki kilipungua. Jaribio hilo lilionyesha kuwa bidhaa ikibadilishwa dukani, tofauti huonekana kwenye mtambo uleule.

Ujerumani Magharibi ilienda mbali zaidi. Ilipitisha sheria ya sabuni mwaka 1961, na agizo la mwaka 1962 likataka safaktanti ziozeshwe kwa kiwango cha angalau asilimia 80 katika jaribio la maabara lililoelezwa hatua kwa hatua. Viwanda vilipewa hadi Oktoba 1964 kujiandaa. Wenye viwanda nchini Marekani nao walihamia kwenye kiungo chenye mkia ulionyooka kufikia katikati ya mwaka 1965. Milima ya povu ilipungua.

Jambo la kuzingatia ni mahali suluhisho lilipopatikana. Miji haikulazimika kwanza kujenga mitambo mipya ya mabilioni. Kilichobadilishwa ni kilichomo ndani ya pakiti, na kilibadilishwa kwa sababu vipimo vilionyesha wazi kwamba mitambo iliyokuwapo isingeweza kuimaliza kemikali ile.

Rangi ya bluu inavyofanya kazi

Njia ya kupima iliyotumika zaidi tangu enzi hizo ni rahisi kueleweka. Fundi wa maabara huchukua sampuli ya maji na kuitia rangi ya bluu iitwayo methilini. Rangi hiyo hushikamana na safaktanti zenye chaji hasi, ambazo ndizo nyingi katika sabuni za kufulia. Kisha huongeza klorofomu na kutikisa. Rangi iliyoshikana na safaktanti huhamia kwenye klorofomu, na kadiri bluu inavyokolea ndivyo sabuni ilivyo nyingi. Kifaa cha kupima mwanga hutoa namba.

Njia hii haihitaji mashine za gharama kubwa, na maabara ya kawaida ya maji inaweza kuifanya. Lakini ina udhaifu unaopaswa kufahamika kabla ya mtu kupelekwa mahakamani. Kwanza, rangi hiyo haichagui: inaweza kushikamana na vitu vingine vyenye chaji hasi, vikiwemo baadhi vinavyotokana na mimea iliyooza, na kutoa namba kubwa kuliko ukweli. Pili, haizioni kabisa safaktanti zisizo na chaji, ambazo nazo hutumika sana katika sabuni za maji, viwanda vya nguo na dawa za kusafishia mashine.

Hapo ndipo ugumu wa neno "sifuri" unapoonekana. Sifuri inayoandikwa na maabara maana yake ni kwamba kifaa hakikuona kitu. Kama kifaa huanza kuona kuanzia miligramu 0.1 kwa lita, maji yenye 0.05 yatasajiliwa kuwa hayana sabuni. Maabara nyingine yenye kifaa makini itayasajili kuwa yamevunja sheria. Kwa hiyo kiwanda kinachopimwa kwa kifaa hafifu ndicho kinachotii sheria kwa urahisi zaidi. Kanuni hizohizo za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 15 za sabuni kwa lita katika majitaka yanayoingizwa kwenye bomba la umma. Yaani mtambo ulitakiwa kupokea 15 na kutoa sifuri, jambo ambalo hakuna mtambo unaoweza kulithibitisha.

Kikomo cha Tanzania cha 0.5 kina faida ya kuwa namba inayopimika, na Marekani nayo hutumia 0.5 kama mwongozo wa kuzuia povu na ladha mbaya katika maji ya kunywa. Lakini kwa kutaja familia moja tu ya kemikali, kikomo hicho kinaacha nje safaktanti nyingine zote.

Kilichojificha

Kosa la kupima kitu kimoja tu liliwahi kuigharimu Ulaya pia. Baada ya povu kupungua, wengi waliamini kazi imekwisha. Mwaka 1984 watafiti wa Uswisi, Walter Giger, Paul Brunner na Christian Schaffner, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao wa tope la mitambo ya majitaka. Walikuta kemikali iitwayo nonilifenoli imerundikana humo.

Kemikali hiyo haikuwa imewekwa kwenye sabuni kama ilivyo. Ilitokana na safaktanti zisizo na chaji ambazo bakteria walikuwa wamezila nusu na kuziacha. Mabaki hayo yana sumu kali kwa viumbe vya majini kuliko kemikali ya mwanzo, na yanaiga homoni ya kike. Katika miaka ya 1990, wanasayansi wa Uingereza waligundua samaki madume wanaotengeneza protini ya kiini cha yai. Katika mito mingi ya nchi hiyo, sababu kubwa ilikuwa homoni zinazotoka mwilini mwa binadamu na kupita chooni. Lakini katika Mto Aire, kwenye eneo la viwanda vya sufu, nonilifenoli ilikuwa na mchango mkubwa.

Umoja wa Ulaya ulizuia kemikali hizo katika sabuni na shughuli nyingi za usafi kwa agizo la mwaka 2003 lililoanza kutumika Januari 2005. Mwaka 2008 uliweka kikomo cha nonilifenoli mtoni kuwa wastani wa mikrogramu 0.3 kwa lita kwa mwaka. Namba hiyo ni ndogo zaidi ya mara 1,600 kuliko ile 0.5 ya miligramu. Kipimo cha bluu hakiwezi kuiona. Inahitajika mashine inayotenganisha kemikali moja moja.

Suala hili linamgusa pia mfanyabiashara wa nguo. Tangu Februari 2021, nguo zinazoweza kufuliwa kwa maji haziruhusiwi kuuzwa Ulaya zikiwa na masalia ya kundi hilo la kemikali yanayofikia asilimia 0.01 ya uzito wake. Kiwanda cha Afrika Mashariki kinachotaka soko hilo kinapaswa kujua kilichomo kwenye pipa la sabuni ya kuoshea vitambaa, hata kama sheria ya nyumbani haiulizi.

Mabwawa, tope na shamba

Miji mingi ya ukanda huu husafisha majitaka kwa mabwawa badala ya mashine. Kisumu ina mabwawa ya Nyalenda, Dar es Salaam ina ya Vingunguti, na Nairobi ina ya Dandora, Ruai, ambayo ni miongoni mwa makubwa barani Afrika. Mabwawa yanafaa kwa nchi zenye jua: hayahitaji umeme mwingi, na jua pamoja na muda hufanya kazi ya kupunguza vijidudu vya magonjwa.

Kwa upande wa sabuni, kinachoamua ni oksijeni. Kiungo chenye mkia ulionyooka huliwa vizuri sana palipo na hewa. Mtambo mzuri unaopuliza hewa huondoa zaidi ya asilimia 95. Lakini pasipo na hewa, kemikali hiyo haiozi kwa kiasi cha maana. Bwawa la kwanza katika mfumo wa mabwawa mara nyingi ni refu kwenda chini na halina hewa. Sehemu ya sabuni hunata kwenye uchafu, huzama na kubaki ndani ya tope. Bwawa lisipotolewa tope kwa miaka mingi, nafasi ya maji hupungua, maji hupita haraka, na sabuni hutoka kabla bakteria wa mabwawa yanayofuata hawajamaliza kazi.

Tope hilo likitolewa huwa ni mali. Wakulima hulihitaji kwa sababu lina naitrojeni na fosforasi. Nchini Denmark, ambako tope la majitaka hutumika shambani, serikali iliweka kikomo cha safaktanti hiyo ndani ya tope: miligramu 2,600 kwa kilo ya tope kavu mwaka 1997, kikashushwa hadi 1,300 mwaka 2000. Habari njema ni kwamba tope likianikwa na kugeuzwa ili lipate hewa, bakteria wa udongo huimaliza kemikali hiyo katika muda wa siku hadi wiki chache. Hilo mkulima au mamlaka ya maji inaweza kulifanya kwa koleo na turubai. Lakini kuanika huko hakutoshi kuondoa metali nzito wala mayai yote ya minyoo, kwa hiyo tope bado linahitaji kupimwa kwa mambo hayo.

Wanaomwagilia moja kwa moja kwa maji ya mto wana hesabu nyingine. Katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hulimwa mchicha na matembele; katika bonde la Nakivubo, Kampala, hulimwa magimbi. Kwa shamba la aina hiyo, safaktanti si tishio la kwanza, kwa kuwa huoza kwenye udongo wenye hewa. Tishio la kudumu zaidi linalotokana na sabuni ni sodiamu, ambayo iko kwa wingi katika sabuni za unga. Ikizidi, udongo wa mfinyanzi hushikamana, maji hayapenyi na mavuno hushuka. Kipimo cha sodiamu kinafanywa na maabara nyingi za udongo, na mkulima anayekodi shamba kando ya mto wa mjini ana kila sababu ya kukidai kabla ya kulipa kodi.

Kuhusu fosfeti, tahadhari inahitajika. Uswisi ilipiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaziwekea kikomo kikali kuanzia Juni 2013, kwa sababu hurutubisha mwani unaozisonga ziwa na mito. Lakini katika Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya fosforasi huletwa na vumbi na mvua kutoka angani pamoja na udongo unaomomonyoka mashambani. Kuondoa fosfeti kwenye sabuni kungesaidia ghuba zilizo karibu na miji. Anayeahidi kwamba hatua hiyo pekee italiponya ziwa zima anawadanganya wananchi.

Somo la mwaka 1999

Kuna watakaosema kuwa vipimo vya namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya ziwa lenyewe inajibu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake baada ya kuzuka taarifa za uvuvi wa kutumia sumu za kuulia wadudu. Tatizo la nchi hizi tatu halikuwa uvuvi huo tu. Hazikuwa na mfumo wa maabara na ukaguzi wa kuonyesha kwamba samaki waliosafirishwa walikuwa salama. Viwanda vya minofu vilisimama na wavuvi wakakosa wanunuzi. Zuio lilianza kuondolewa mwaka 2000, nchi moja baada ya nyingine, zilipojenga ukaguzi uliokubalika. Mnunuzi alitaka namba, na asiyekuwa na namba alikosa soko.

Gharama nyingine hupitia kwenye bomba la maji. Kampala huchota maji Ggaba, kwenye ghuba ileile inayopokea mfereji wa Nakivubo ubebao majitaka ya jiji. Mwaka 2021 ulianza kazi mtambo mpya wa Katosi, mashariki zaidi katika wilaya ya Mukono, wenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Mahitaji ya jiji linalokua yalikuwa sababu kubwa, lakini kuzorota kwa maji ya ghuba ya Ggaba kulikuwa sababu nyingine ya kwenda mbali. Sabuni ni sehemu tu ya uchafu huo, lakini mabomba marefu hulipiwa na mteja wa kawaida.

Pa kupimia na wa kulipa

Uwezo wa maabara ni mdogo na bajeti ni finyu. Kwa hiyo swali la kibiashara ni wapi shilingi moja ya upimaji huleta faida kubwa zaidi. Mlolongo wa sabuni una ncha mbili zisizofanana. Upande wa chini kuna mamilioni ya nyumba, madobi, waosha magari na vijito. Upande wa juu kuna milango michache.

Biashara ya sabuni ya maji inaonyesha hilo. Katika miaka ya karibuni, vikundi vya kina mama na vijana vimejifunza kuchanganya sabuni nyumbani kwa kutumia kemikali zinazojulikana mitaani kama salfoniki, slesi au ungaroli. Haiwezekani kumkagua kila anayekoroga ndoo uani. Lakini malighafi za kuchanganyia, kwa sehemu kubwa, huingia kwa mapipa kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mashirika ya viwango ya Kenya, Tanzania na Uganda yanaweza kupima pipa mara moja, kuhakikisha mkia wa kemikali umenyooka na kwamba halina kundi la nonilifenoli, na kwa kufanya hivyo yakawa yamekagua maelfu ya ndoo. Jimbo la Delhi nchini India, ambako povu hutanda juu ya Mto Yamuna, lilichukua mwelekeo huo Juni 2021 lilipozuia uuzaji wa sabuni zisizotimiza viwango vya taifa.

Hata hivyo, kukagua bidhaa bila kupima mto ni sawa na kutoa dawa bila kumwona tena mgonjwa. Delhi yenyewe iliendelea kushuhudia povu kwa sababu majitaka mengi yaliingia mtoni bila kutibiwa. Upimaji wa mtoni lazima uwepo, na uwe wa maana. Mfano wa hesabu unaonyesha tofauti. Mtambo unaomwaga mita za ujazo 10,000 kwa siku zenye miligramu mbili za sabuni kwa lita humwaga kilo 20 kwa siku. Mvua ikinyesha, maji yakawa mita za ujazo 30,000 na kipimo kikashuka hadi miligramu moja, ripoti itasema hali imekuwa nzuri mara mbili. Kumbe mto umepokea kilo 30. Bila kupima wingi wa maji, namba ya maabara inaweza kupotosha.

Vivyo hivyo kwa saa ya kuchota sampuli. Chupa moja iliyojazwa saa nne asubuhi ya Jumanne haiwezi kusimulia habari za Jumamosi, siku ambayo nyumba nyingi hufua. Sampuli inayokusanywa kidogo kidogo kwa saa 24, kabla ya mtambo, baada ya mtambo, na mtoni juu na chini ya mahali maji yanapomwagwa, husema zaidi kuliko chupa kumi za bahati nasibu.

Kuhusu malipo, utaratibu upo katika sheria za mazingira za nchi zote tatu: anayechafua ndiye anayelipa. Kiwanda chenye kibali cha kumwaga majitaka kinaweza kutakiwa kugharamia upimaji wake kwenye maabara huru, na muagizaji wa kemikali kugharamia upimaji wa mapipa yake. Gharama hiyo itaingia kwenye bei ya pakiti, lakini ikigawanywa kwa mamilioni ya pakiti ni ndogo kuliko ile inayomwangukia mtu mmoja aliyeko chini ya mto.

Kinachobaki ni nchi hizi kukubaliana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kamisheni ya bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, na ina utaratibu wa viwango vya pamoja vya bidhaa. Kinachohitajika ni orodha fupi: kemikali zipi zipimwe, kwa njia ipi, kwa kifaa kinachoona kuanzia kiasi gani, katika vituo vipi, na matokeo yatangazwe lini. Namba ikipatikana kwa njia moja Mwanza, Kisumu na Kampala, mwenye kiwanda hatakuwa na upande wa ziwa wa kukimbilia.

Matokeo hayo yakitangazwa, mkulima wa magimbi kule Nakivubo ataweza kuyasoma kabla ya msimu wa kupanda, kama anavyosikiliza utabiri wa mvua. Kwa sasa, chombo alichonacho ni macho yake, na macho huona povu tu.